Ugonjwa wa Wazungu

Mkalimani ana kama sekunde mbili tu. Hizo ndizo zinazomtenganisha na msemaji; zikipita, sentensi ya pili imeshaingia masikioni na ya kwanza imeshaharibika. Kazi hii nimeifanya miaka mingi sasa. Nimekalimani mikutano ya mbolea, ya bima ya mazao, ya mbegu za mahindi, na mmoja wa nyuki ambao hadi leo naukumbuka kwa furaha. Sijawahi kukwama kama nilivyokwama mwaka jana Nairobi, kwenye mkutano wa afya ya akili, tena kwa neno ambalo siku hizi hata mwanafunzi wa sekondari analirusha hovyo kwa Kiingereza: dipresheni.

Daktari akalisema, nami nikasema "huzuni". Akaendelea kwamba watu wasiichanganye na huzuni ya kawaida. Basi nikawa nimewaambia wasikilizaji wasichanganye huzuni na huzuni. Nikakimbilia "msongo wa mawazo". Dakika tano baadaye akafika kwenye msongo wa mawazo wenyewe, akaeleza jinsi unavyoweza kumfikisha mtu kwenye dipresheni, na mimi kwa sauti ya kujiamini nikatangaza kwamba msongo wa mawazo husababisha msongo wa mawazo. Mwenzangu kibandani, Mkenya, akanisogezea karatasi aliyoandika "unyong'onyevu?" na alama ya kuuliza kubwa kuliko neno lenyewe. Mwisho nikaamua "sonona", neno linalotumika kwetu Tanzania. Kupitia kioo niliona wahudumu wa afya wa vijijini, ambao kwa ajili yao ndiyo tuliwekwa pale, wakitazamana.

Zamu ya maswali ilipofika akasimama mama mmoja wa makamo ya juu, muuguzi mstaafu. Alimshukuru daktari vizuri kabisa, kisha akasema: "Lakini daktari, hii kitu mnaita sonona, hii si ugonjwa wa wazungu? Sisi kwetu ukiamka hujisikii, unashika jembe unaenda shamba."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka, kipaza sauti kikiwa wazi, kwa hiyo kicheko changu kimo kwenye kumbukumbu rasmi za mkutano kama tafsiri ya kitu fulani.

Daktari alitabasamu kwa adabu, akasubiri. Halafu akasema: "Mama, hiyo sentensi yako ina mwenyewe. Mtu aliyeieneza zaidi alifanyia kazi karibu sana na hapa tulipo, na hakuwa Mwafrika." Akataja jina moja, kengele ya muda ikalia, tukaenda kula.

Mambo mengine ya siku tatu zile yameshanitoka. Jina lile nilitoka nalo.

*

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Thika, utaipita hospitali ya Mathari. Ilianza 1910, mahali palipokuwa pa kutengea wagonjwa wa ndui. Jina lake la kwanza la Kiingereza lilikuwa na maana ya nyumba ya vichaa ya Nairobi, na 1924 wakalibadili ikawa Hospitali ya Akili ya Mathari. Ndani yake mliishi koloni zima kwa udogo: Wazungu wodi zao, Wahindi zao, Waafrika zao.

Mwaka 1938 ikakabidhiwa daktari aitwaye John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini 1903, akasomea udaktari Uingereza, akaja Kenya 1929 kama daktari wa serikali. Hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili wakati anapewa Mathari. Aliijulia kazi kazini, na diploma ya fani hiyo akaipata miaka ya baadaye. Nalisema hili bila dharau, maana madaktari wa koloni wengi walikuwa hivyo, leo unazalisha, kesho unakagua choo cha gereza. Lakini inafaa likumbukwe, kwa sababu mtu huyu ndiye dunia ilikuja kumgeuza kuwa msemaji mkuu wa akili ya bara zima.

Alikaa Mathari hadi 1950. Mwaka 1947 alichapisha makala ndefu katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili la Uingereza, kuhusu Waafrika waliolazwa hospitalini kwake. Alikuwa amewahesabu na kuwagawa kwa aina za maradhi, na akaona kitu kilichomshangaza: wenye huzuni ya kuumwa walikuwa wachache mno, karibu hawapo. Akatafuta sababu. Mwafrika, alisema, anaishi ndani ya kundi. Maamuzi yanafanywa na ukoo na mila, na mambo yakiharibika analaumiwa jirani au mchawi. Hajilaumu, na asiyejilaumu hawezi kuugua ugonjwa ambao msingi wake ni kujilaumu. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika hana mzigo wa nafsi wa kumvunja mgongo.

Isome tena polepole. Ina ladha ya sifa, sivyo? Sisi ni watu wa jamii, tunasaidiana, hatukai peke yetu tukajila moyo. Mama yule muuguzi angeweza kuitia sahihi. Hata mimi.

Lakini Carothers hakuishia hapo. Mwaka 1951 alitoa makala nyingine, safari hii juu ya sehemu ya mbele ya ubongo. Enzi hizo kulikuwa na upasuaji wa kukata mishipa inayounganisha sehemu hiyo, wakiwafanyia wagonjwa walioshindikana. Mgonjwa akitoka pale anakuwa mtulivu, hajali, hapangi mambo ya kesho. Carothers akaandika kwamba Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo anafanana sana na Mwafrika mzima asiyeguswa na kisu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, kikaenda kwenye maktaba za vyuo vya udaktari duniani. Na 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo uasi wa watu waliopokonywa ardhi unaelezwa kama mtikisiko wa akili za watu waliong'olewa kwenye mila zao na hawajafika bado kwenye ustaarabu.

Unaiona njia ilivyopita. Ilianza na "hawa hawahuzuniki", ikafika kwa "hawa hawana cha kulalamikia, wanaumwa". Kama mtu hana nafsi inayoweza kuvunjika, hasira yake nayo haiwezi kuwa na sababu.

*

Sasa turudi kwenye ile hesabu yake ya wagonjwa, maana sidhani kama Carothers alidanganya. Naamini kabisa aliwahesabu waliokuwepo, na kweli wenye huzuni hawakuwepo. Swali ni walifikaje pale hao waliokuwepo.

Mwafrika wa miaka ile hakujipeleka Mathari. Alipelekwa, mara nyingi na polisi au kwa amri ya ofisa wa wilaya au hakimu. Na ili polisi waje lazima kuna mtu amewaita, na ili mtu awaite lazima uwe umefanya jambo: umechoma nyumba, umetembea uchi sokoni, umempiga panga mtu. Mlango wa hospitali ulikuwa na chujio, na chujio lenyewe lilikuwa usumbufu. Asiyesumbua hakupita.

Mimi nimekulia Dodoma, mji wenye hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa 1927. Watanzania hawahitaji maelezo. "Milembe", kama tunavyolitamka mtaani, ni tusi la utotoni. Mtu akiongea peke yake, "huyo wa Milembe". Wakenya wana Mathare yao, Waganda Butabika, Wanigeria wana mtaa wa Yaba kule Lagos. Nimecheka nao juu ya hili wote kwa nyakati tofauti, kwenye mapumziko ya chai. Kila nchi imechukua hospitali yake ya akili ikaifanya tusi, halafu inashangaa kwa nini watu hawaendi.

Nilipokuwa na miaka tisa mama mdogo aliletwa nyumbani kutoka Kondoa. Alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, mtoto mzima, mzuri, na mama mdogo hakumtazama. Walisema aje kwa dada yake apumzike. Alikaa nasi karibu mwaka. Ninachokumbuka ni yeye kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, akichambua mchele ambao ulishachambuliwa. Mama alikuwa akimchukulia ungo, akimimina mchele sufuriani, na siku ya pili anampa mwingine. Majirani walikuwa na maoni. Wengine walisema kapigwa na kitu, wengine uvivu, wengine "ana mawazo", na mzee mmoja wa msikitini alikuja akamsomea dua kwa upole mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyesema Mirembe. Ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu! Ila Mirembe ilikuwa ya wanaorusha mawe, na mama mdogo hakuwa na nguvu ya kurusha hata punje.

Kama Carothers angehamishiwa Dodoma mwaka ule na daftari lake, mama mdogo asingekuwa ndani ya daftari. Angeandika tena kwamba hawapo.

*

Wapo waliolijua hili mapema, na ndio walionifanya nisilale vizuri wiki ile baada ya mkutano.

Mmoja ni Margaret Field, Mwingereza aliyeanza kama mtaalamu wa kemia, akawa mwanaanthropolojia, na ukubwani akasomea udaktari. Alikwenda mashambani kwa Waashanti, Ghana, na hakuweka kambi hospitalini. Alikaa kwenye vituo vya matambiko, akasikiliza watu wanaokuja kwa miungu yao na shida zao. Kitabu chake kilitoka 1960. Na nani aliwakuta pale? Wanawake, wengi wao watu wazima waliolea na kuhangaika, wanaokuja kujishtaki wenyewe kuwa ni wachawi. Wanasema wameharibu kila kitu, wameua watoto wao kwa uchawi wasioujua, hawafai kuishi. Hawalali, hawali. Field alikuwa daktari, akajua anachokiona. Kule kujilaumu ambako Carothers alisema Mwafrika hakujui, kulikuwa kumepanga foleni mbele ya kibanda cha mganga, kukiwa na kuku mkononi.

Mwingine ni Thomas Adeoye Lambo, na huyu ningependa watu wa vitabu wamjue zaidi. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, 1923, akasomea udaktari Birmingham, kisha magonjwa ya akili London. Akarudi nyumbani 1954 kuongoza hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji aliozaliwa. Tatizo ni kwamba hospitali ilikuwa bado inajengwa. Wodi hazijaisha, wagonjwa wanakuja. Mtu mwingine angeandika barua kwa wizara na kungoja. Lambo alikwenda kuongea na wazee wa vijiji vinavyoizunguka hospitali, akawaomba wapangishe vyumba kwa wagonjwa.

Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aje na mtu wake. Mama, dada, shangazi, yeyote wa damu atakayepika na kukaa naye. Asubuhi wanakwenda hospitali kupata dawa na matibabu, mchana wanarudi kijijini, mgonjwa anachota maji, anapalilia, anacheza ngoma zikiwepo. Wanakijiji walipata kodi, na hospitali iliwasaidia kuboresha maji na usafi. Lambo aliwaajiri pia waganga wa jadi wafanye kazi pamoja naye, jambo lililowaudhi wenzake wengi wa koti jeupe. Sijui kama alijua anafanya mapinduzi au alikuwa tu mtu aliyekosa vitanda. Mara nyingi ni kitu kimoja.

Mwaka 1955 alishaanza kumjibu Carothers kwa maandishi. Novemba 1961 akaitisha Abeokuta mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa madaktari wa magonjwa ya akili. Wajumbe walitoka nchi nyingi za Afrika, na wengine Ulaya na Marekani. Nimehudhuria mikutano mingi kuliko harusi, na najua mingi huishia kwenye mikoba ya nembo na picha ya pamoja. Huu ulikuwa na kitu ambacho yetu haina: ukichoka na hotuba, nje kulikuwa na vijiji. Mjumbe aliyesomeshwa kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa kufungiwa angeweza kumwona akipita na ndoo kichwani, dada yake pembeni.

Mwaka huohuo Lambo, akishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Cornell wakiongozwa na Alexander Leighton, alifanya lile ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Walienda nyumba kwa nyumba, mjini Abeokuta na vijijini. Matokeo yakachapishwa 1963. Dalili za huzuni ya kuumwa zilikuwepo tele miongoni mwa Wayoruba, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga hospitali. Waliwauliza, wakajibu. Ndiyo siri yote.

*

Wiki chache baada ya mkutano wa Abeokuta, tarehe 6 Desemba 1961, Frantz Fanon alifariki hospitalini Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Siku tatu baadaye bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Kitabu chake cha mwisho, ambacho sisi tunacho kwa Kiswahili kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*, kilikuwa ndio kwanza kimetoka. Kila mtu anasoma sura ya kwanza, ya nguvu na mapambano, kisha anaanza kunukuu. Nashauri uanzie nyuma. Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alifanya kazi Blida, Algeria, kuanzia 1953 hadi 1956, na sura ya mwisho ni mafaili ya wagonjwa: walioteswa, waliotesa, watoto. Humo ndani Carothers yumo kwa jina, pamoja na ile hoja yake ya ubongo uliokatwa, akiwekwa meza moja na madaktari Wafaransa wa Algiers waliokuwa wakisema mambo yaleyale juu ya Waarabu.

Nilikisoma chuoni na jina hilo halikunishtua. Sikujua kwamba mtu huyo aliyatoa mawazo yake Nairobi. Nilidhani ni jina la Ulaya, la huko mbali.

Upande wetu huu wa bara jibu lilikuja kimyakimya zaidi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti waliofanya katika vijiji viwili vya Uganda, wakitumia maswali yaleyale yaliyotumika kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Irudie hiyo mama muuguzi akiwa amekaa mstari wa mbele. Watu wenye jembe, wenye shamba, wenye ndugu pande zote nne.

*

Hapa naomba niseme jambo kuhusu sisi wenyewe, watu wa fasihi, maana nadhani tuna kesi ya kujibu.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichwamaji*. Kazimoto, kijana msomi, anaona kila kitu kikipoteza maana kidogokidogo, na mwisho anajiua. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika *Rosa Mistika*, Rosa naye alikuwa amejiua. Ni riwaya mbili za kwanza za mwandishi aliyekulia kisiwani Ukerewe, kwa Kiswahili, zikihusu vijana wa vijiji vya huku.

Tulifundishwaje? Kwenye madaftari yangu ya chuo, ambayo nimeyatafuta nikayapata, yamejaa neno moja: udhanaishi. Kezilahabi kaathiriwa na Camus, kaathiriwa na Sartre, ameleta falsafa ya Ulaya katika riwaya ya Kiswahili. Sikatai. Alisoma falsafa na inaonekana. Ila tulitumia mihula miwili kubishana Kazimoto alitokea kitabu gani cha Kifaransa, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza kama anaumwa. Mtu hali, halali vizuri, haoni mbele, anawaza kifo ukurasa baada ya ukurasa, na darasa zima linaandika "mvuto wa Magharibi". Kukata tamaa kwake tulikuona bidhaa ya kuagiza. Tulikuwa tunasema, kwa maneno ya kisomi zaidi, kwamba Kazimoto ana ugonjwa wa wazungu.

Na darasani mle tulikuwa wanafunzi thelathini na kitu. Mmoja wetu hakumaliza mwaka ule. Aliacha kuja, tukaambiwa amerudi kwao, baadaye tukaambiwa amefariki, na namna alivyofariki tulinong'onezana. Sitasema zaidi, ana wazazi. Ila mtihani wa *Kichwamaji* tuliufanya wiki tatu baadaye, na nilipata A.

(Kazimoto angenusurika angekuwa mhalifu, hilo nalo hatukufundishwa. Sheria tulizorithi kwa Waingereza zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Uingereza wenyewe walikifuta chao 1961, mwaka uleule wa Abeokuta.)

Tena Kiswahili hakina uhaba wa maneno, kama nilivyojidanganya kibandani. Huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, kihoro, unyonge, kusononeka. Watu wasioujua ugonjwa hawawi na maneno saba ya kuuzungukia. Shida ninayoiona ni mahali tulipoyaweka. Lugha yetu imemgawa mtu: kichwani kuna akili, kifuani kuna moyo. Wazimu ni wa kichwa, na neno lenyewe ni jamaa wa mzimu. Huzuni ni ya moyo. Sasa wizara inaweka bango, "Afya ya Akili", na mtu ambaye moyo wake umeinama mwaka mzima analipita bango hilo kila siku na kuona haliongei naye. Akili zake anaziona ziko sawasawa. Anajua leo Jumatano, anajua bei ya sukari. Anachoumwa kiko hapa, kifuani, na hakuna bango la kifua isipokuwa la TB.

*

Siku ya mwisho ya mkutano nilimtafuta yule muuguzi kwenye foleni ya chai. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye sauti aliyokuwa akiisikia masikioni. Akacheka, akasema nilikuwa nazungumza kama redio. Nikamwuliza kama kweli anaamini alilosema. Akakoroga chai kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilifanya kazi miaka thelathini na moja. Unajua ni wamama wangapi walikuja wakisema kichwa, mgongo, tumbo, moyo unapiga haraka? Unapima, hakuna kitu. Unapatia Panadol. Anarudi wiki ijayo." Akanywa kidogo. "Kama nikisema haikuwa ugonjwa wa wazungu, basi ilikuwa nini hiyo nilikuwa nikipatia Panadol?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulichukua maandazi.

Jioni, nikiwa kwenye basi la kurudi, nilimpigia mama mdogo. Yuko Kondoa, mzima, ana wajukuu. Yule mtoto wa tatu ni dereva wa bodaboda na ndiye anayemnunulia vocha. Kilichomrudisha, sikuwahi kukielewa. Ilikwisha tu, polepole, na siku moja nikatoka shule nikamkuta anagombana na muuza samaki. Nilimweleza kuhusu kazi, kwamba nilikwama neno, nikamtajia yote niliyojaribu: huzuni, msongo wa mawazo, unyong'onyevu, sonona. Nikamwuliza, kwa kuzungukazunguka sana, kama yeye ile ya mwaka ule angeiitaje.

Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekata.

"Ile?" akasema. "Ile ilikuwa kama umevaa nguo mbichi. Unakwenda nazo, unalala nazo. Na kila mtu anakuambia jua linawaka."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nilimwambia mama yako. Ndiyo akanipa ule mchele."